Kabla ya Kukodi Shamba Nkubu, Tikisa Chupa

Vijana wengi wanarudi ushago kulima, na ni poa. Kazi za mjini ni chache, na ekari moja ya nyanya pale Nkubu inaonekana kama njia ya kutoka. Shida ni kwamba tunakodi shamba tukiwa na simu tu. Ratiba ya kumwagilia imetoka YouTube na mbolea tumechaguliwa na mwenye duka. Udongo wenyewe hakuna aliyeupima.

Tena sisi Wakenya kila udongo tunauita mchanga. Mchanga halisi ni chembe za kati ya milimita 0.05 na 2. Zilizo ndogo kuliko hapo ni tope laini, na zile za chini ya milimita 0.002 ni mfinyanzi. Mgao wa hizo tatu ndio unaoamua hela zako zitaenda wapi. Mchanga unapitisha maji chap chap na mbolea inazama nayo. Mfinyanzi unavishika vyote viwili. Ukitoka Nkubu ukashuka Mitunguu kuelekea Tharaka, udongo mwekundu wa volkeno ya Mlima Kenya unaishia kwenye ardhi ya kichanga. Ratiba moja itafaa vipi kote?

Kupima si mambo ya maprofesa. Tafuta chupa angavu yenye kuta zilizonyooka. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, tikisa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chembe kubwa huzama kwanza. Baada ya dakika moja weka alama: huo ni mchanga. Baada ya saa mbili weka nyingine: hilo ni tope. Kesho yake au kesho kutwa, kilichotua juu ni mfinyanzi. Pima kila tabaka kwa rula.

Lakini udongo wa Nkubu ni mjanja. Chuma kilichomo, kile kile kinachoupa wekundu, hugandisha mfinyanzi kuwa vibonge vidogo. Usipotikisa vya kutosha, vibonge vitazama kama mchanga na chupa itakudanganya. Ndiyo maana maabara hutumia kemikali ya kuvivunja kabla ya kupima. Ukiwa na shaka, peleka sampuli kwa maabara ya KALRO kule Kabete na uombe kipimo cha chembe, si asidi na virutubisho pekee.

Kwa nini kabla ya kukodi? Kwa sababu asidi utairekebisha kwa chokaa, na rutuba kwa samadi. Ukubwa wa chembe hautaubadilisha hata ulime miaka 20. Maafisa wa kilimo wa kaunti nao wanapaswa kutuonyesha hili mashambani, maana chupa haihitaji bajeti.

Na mwenye shamba akikukataza kuchota konzi mbili za udongo kabla hujalipa, basi ameshakujibu. Tafuta shamba lingine.