Mshale Si Mafuta

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari huko Ngerengere. Tulipokwisha kuiacha barabara kuu ya Morogoro pale Ubena Zomozi, gari lilikohoa mara mbili, likazimika. "Mwalimu, mshale ulikuwa haujagusa mstari mwekundu," alijitetea dereva. Alisema kweli. Hata hivyo tangi lilikuwa tupu, nasi tukaenda kwa miguu.

Njiani nilijiuliza: ni wangapi kati yetu tunaojua kile kinachosemwa na mshale ule? Ndani ya tangi limo boya lililoshikizwa kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakipungua boya hushuka, na mkono huo hubadili ukinzani katika saketi ya umeme. Mkondo ukibadilika, mshale husogea. Katika magari mengi ya sasa kompyuta huipokea kwanza taarifa hiyo, lakini chanzo chake aghalabu ni boya lile lile. Basi mshale hauhesabu lita. Hueleza tu mahali lilipo boya.

Kutokana na hayo, makosa hayaepukiki. Tangi si sanduku lenye pande sawa, hivyo nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya mafuta. Gari likipanda milima ya Uluguru, mafuta huelemea upande mmoja, na boya huyafuata. Aidha, sehemu zinazosuguana huchakaa, na geji huanza kudanganya.

Kwa maoni yangu, dereva hana budi kujaza mafuta mshale ufikapo robo. Tangi likiwa la lita 40, robo ni lita 10. Gari liendalo kilomita 12 kwa lita litakwenda kilomita 120, lakini kwenye karatasi tu. Ondoa kosa la mshale, milima na tope la masika, uone kinachobaki. Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya petroli pampu hukaa ndani ya tangi na kupozwa na mafuta yenyewe. Na injini ya dizeli ikivuta hewa, huenda isiwake tena mpaka fundi aitoe hewa hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mfuko hauruhusu. Nawaelewa. Lakini akiba ile ya lita 10 hununuliwa mara moja tu. Baada ya hapo dereva hulipia kile anachotumia, sawa na mwenzake anayetembelea mstari mwekundu. Tofauti ni kwamba mwenzake huyo ipo siku atabeba petroli kwa dumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini hadi ukutane na moto. Watu wa Morogoro hawahitaji kuambiwa hayo tangu tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakichota au kutazama.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wetu hukariri maana ya ukinzani, kisha hupanda gari asiuone. Mpelekeni kwenye gari la shule. Lijazwe tangi, kilomita ziandikwe, mshale usomwe kila siku. Lijazwe tena, lita zigawanywe, grafu ichorwe. Atajifunza kwamba chombo cha kupimia ni shahidi, na shahidi huhojiwa kabla ya kuaminiwa.