Jiwe Moja Si Shimo Lote

Sisi wote wa jamaa za mgodi tunajua ile saa. Gunia linafika depo, mpimaji anachagua jiwe moja, anaweka mashine juu yake, anaandika namba kwa karatasi. Namba ikiwa chini, bei inashuka, na mama kule nyumbani atapunguza unga. Juu ya bei tunabishana mpaka jua linazama. Juu ya namba tunanyamaza, sababu tunafikiri hesabu ni mambo ya wakubwa.

Njo maana leo tunataka kuzungumza juu ya mtu wa hesabu.

Hadithi inaanzia Afrika ya Kusini. Danie Krige, enjenyere wa migodi, aliangalia namba za dhahabu za Witwatersrand, na mwaka 1951 akaandika alichokiona. Mahali palipopimwa kuwa tajiri sana, pakichimbwa, kwa kawaida panatoa kidogo kuliko namba ilivyoahidi. Mahali palipoonekana maskini panatoa zaidi. Wachimbaji wetu hawawezi kushangaa. Mara ngapi tumepiga kelele "Hapa kuko mukuba mingi!" juu ya jiwe moja, kisha wiki mbili tunatoa paka udongo?

Mfaransa Georges Matheron, aliyezaliwa mwaka 1930, alikwenda Algeria mwaka 1954 kufanya utafiti wa migodi. Alisoma kazi ya Krige, akajiuliza: matundu ya sonda yako mbali mbali, sasa katikati kuko nini? Jibu lake lilitoka kwa jambo ambalo kila mchimbaji analijua: mawe ya karibu yanafanana kuliko mawe ya mbali. Matheron alionyesha namna ya kupima jinsi kufanana kunavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka, namna ya kupa kila eshantiyo uzito wake, na namna ya kujua kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Nadharia ilikuwa yake, lakini njia hiyo aliiita krigeage, kwa heshima ya Krige. Mwaka 1963 aliieleza katika gazeti la kisayansi la Marekani, Economic Geology, na mwaka 1968 akaanzisha kituo cha elimu hiyo pale Fontainebleau. Alifariki mwaka 2000.

Sasa tuangalie namna dunia ya masomo inavyopima watu. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alitoa orodha kubwa ya kuonyesha andiko gani limetajwa na andiko gani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo cha namba moja: mwenye maandiko 10, kila moja likiwa limetajwa mara 10 au zaidi, anapata 10. Leo katika inchi nyingi, namba kama hiyo inaweza kusaidia mtu kupata kazi, ao kumkosesha.

Kwa mizani ya namna hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya Matheron haionekani. Mengi aliyoyaandika yalikuwa maelezo kwa Kifaransa kwa ajili ya watu wa kituo chake, si makala ya magazeti. Na njia yake yenyewe inabeba jina la mwingine. Leo krigeage inatumika kwa shaba, kwa petroli, kwa mvua, kwa udongo uliochafuka, na wengi wanaoitumia hawaandiki jina Matheron hata mara moja. Kitu kikishakuwa cha wote, watu hawaulizi tena nani alikianza.

Hatusemi kutajwa ni bure. Kumtaja mtu ni kusema: huyu alitangulia, kwake nimejifunza. Njo vile Matheron alimfanyia Krige. Lakini heshima ikigeuzwa kuwa alama za mashindano, inafanana na ile mashine iliyowekwa juu ya jiwe moja: tunapata namba, na gunia lote hatulijui. Kijana wa chuo kikuu chetu akitafuta kujua maji ya kisima cha mtaa yamechafuka mpaka wapi, pengine hakuna atakayemtaja Paris ao Boston. Mama anayechota maji pale atajua thamani ya kazi yake. Basi maprofesa wetu wasimwite mdogo kwa sababu hiyo.

Na sisi wazazi? Tunasema mtoto akijua kusoma na kuandika inatosha, hesabu itamsaidia nini shimoni. Hapo tunajidanganya. Kila siku hesabu inatukata mfukoni, tukiijua ao tusipoijua. Tuache kumtoa mtoto shule akaoshe mawe, na binti mwenye kupenda hesabu tusimwambie ni kazi ya wanaume.

Siku moja mtoto huyo atasimama karibu na baba yake pale depo, gunia likiwa chini, na kwa adabu atauliza: "Mzee, mumepima mawe ngapi? Mumeyatosha upande gani wa gunia? Kosa linaweza kuwa ngapi?" Hapo mpimaji atalazimika kufungua gunia mpaka chini.