Kurusha Simu Kwenye TV Sio Kosa, Ishu Ni Hiyo "Bure" Imetoka Mfukoni Mwa Nani

Stori ya jamaa mmoja wa Tabata imezunguka kwenye magrupu wiki nzima, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Kiini chake hakijabadilika. Jamaa ana TV ya inchi 43 sebuleni, king'amuzi hana. Jumamosi jioni akapokea ugeni mzito: mama mkwe mtarajiwa, mashemeji wawili, na binti mmoja ambaye ni mtoto wa mama mdogo wa mchumba wake. Pilau likaliwa, soda zikafunguliwa, watu wakataka kutazama ile tamthilia ya Kibongo inayozungumziwa kila kona.

Jamaa hakuwa na presha. Akachomoa simu, akagusa sehemu mbili tatu, na kilichokuwa kwenye simu kikatokea kwenye TV. Mama mkwe akasifia palepale: "Kumbe mwanangu ni fundi!"

Dakika kama ishirini baadaye, mhusika mkuu analia na sebule nzima inamsikitikia, juu ya skrini ikashuka meseji: "Hao wageni bado tu hawajaondoka?" Mbele yake makopa matatu mekundu. Herufi zilivyokuwa kubwa, hata mama mkwe hakuhitaji miwani.

Kuanzia hapo ubishi umegawa watu timu mbili. Timu ya kwanza inasema jamaa ni msaliti na amepata alichostahili. Timu ya pili inasema usaliti ni jambo lingine, kosa lake ni ushamba, mtu gani anarusha simu kwenye TV bila kuzima notifikesheni? Timu zote zina hoja. Lakini zote zimemsahau yule binti.

Chanzo cha karibu na familia hiyo kinasema binti ni mtu wa mekapu. Anapaka wasanii kwenye lokesheni, na tamthilia iliyokuwa inaonyeshwa pale sebuleni ni kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Yale machozi ya mhusika mkuu, ile michubuko shavuni, ni yeye. Wakati wengine wanafuatilia stori, yeye alikuwa anatazama vitu vingine kabisa. Nembo ya chaneli ilikuwa imezibwa kwa utepe mweusi wenye jina la grupu la Telegram. Picha ilikuwa imevutwa hadi vichwa vya watu vimekatika. Episodi ilipokwisha, majina ya waliofanya kazi hayakupita. Yalikuwa yamekatwa ili episodi inayofuata ianze haraka.

Kibaya zaidi, binti huyo alikuwa bado anadai nusu ya malipo yake ya kazi hiyohiyo. Kila akimpigia prodyuza anajibiwa kwamba mzigo bado haujarudisha hela.

Meseji yenye makopa iliumiza mtu mmoja. Ile episodi iliumiza lokesheni nzima, na hakuna aliyeguna.

Haya, jambo moja liwekwe sawa. Kurusha simu kwenye TV sio wizi. Teknolojia yenyewe ni ya halali na ina umri sasa. Apple walileta AirPlay mwaka 2010, Miracast ikaja mwaka 2012, Google wakatoa Chromecast mwaka 2013. Leo TV nyingi za kisasa zinatoka dukani zikiwa na uwezo huo. Simu na TV zinaongea kwa Wi-Fi, basi. Kwenye Miracast hata intaneti haihitajiki ili vifaa viwili vipatane. Kinachohitaji bando ni ile video inayovutwa na simu.

Na kibongobongo watu wana sababu ya kuipenda. Tangu Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, kutazama TV kumekuwa na mlango wa kulipia: king'amuzi, dishi au antena, halafu kifurushi cha mwezi. Kijana aliyepanga chumba kimoja, kodi inamsubiri, hawezi kulaumiwa akiona simu aliyonayo mkononi inatosha. Kifurushi kikikata katikati ya mwezi, simu ndiyo inakuwa king'amuzi. Huo sio ubahili, ni akili ya kuishi mjini.

Tatizo linaanzia kwenye neno "bure", maana lina sura mbili na watu wanazichanganya.

Kuna bure ya kupewa. Maprodyuza wengi wa Bongo siku hizi wanapandisha tamthilia zao wenyewe kwenye chaneli zao za YouTube. Mtazamaji halipi hata jero. Anayelipa ni mwenye tangazo la sabuni au la mtandao wa simu, na kwa video ndefu YouTube wanampa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video hizo. Ili chaneli ifike hatua hiyo inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ikiwa inategemea video ndefu. Hesabu yake sio ngumu: watu 6,000 wakitazama episodi moja ya dakika 40 mpaka mwisho, saa 4,000 zimetimia.

Halafu kuna bure ya kuchukua. Mtu asiyejulikana anashusha episodi, anaziba nembo, anaitupa kwenye grupu au kwenye tovuti iliyojaa matangazo ya kubeti. Hao watu 6,000 wakiitazama huko, mwenye kazi anaandikiwa sifuri. Sio saa, sio mfuasi, sio shilingi. Kwenye vitabu vyake ni kama hakuna aliyeangalia.

Sasa hapa ndipo utetezi wa "maisha magumu" unapokosa miguu. Tamthilia ile ya Tabata ipo kwenye chaneli rasmi ya prodyuza, bure. Jamaa hakuokoa chochote. Bando linalotumika kuvuta video kwenye grupu ni bando lilelile, na video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa ikitoka popote. Alichokwepa ni matangazo tu, pamoja na kubonyeza episodi moja moja. Yaani kazi ya miezi ya watu imekosa malipo ili mtu asisubiri sekunde chache za tangazo la sabuni.

Wapo watakaosema mastaa wana hela, kila siku wanaposti magari na safari za Dubai. Sawa, tuseme ni kweli. Staa kwenye posta ni mmoja. Nyuma yake yupo anayeshika maiki ya kuning'inia juu ya vichwa, dereva anayebeba vifaa alfajiri, mama wa chakula aliyekopesha wali wa siku kumi, mpiga picha na huyo binti wa mekapu. Staa mara nyingi anachukua advansi yake kabla kamera haijawashwa. Wanaoambiwa "subiri mzigo urudi" ni hawa wengine. Episodi ikiibwa, wa kwanza kukosa ni yule asiye na wafuasi hata mia tano.

Hoja nyingine ina uzito na haifai kupuuzwa. Sio kila kitu kiko bure kihalali. Kuna kazi ziko kwenye app za kulipia tu, na nyingi ya app hizo zikirushwa kwa kunakili skrini ya simu, TV inaonyesha giza huku sauti inasikika. Zimefungwa makusudi ili zisinakiliwe. Kuna nyingine zinataka kadi ya benki wakati mteja mwenyewe anaishi kwa hela ya kwenye simu. Kuna zinazouza mwezi mzima wakati kijana ana buku mbili ya leo. Wenye app wajue kwamba kila mlango mgumu wanaoujenga, grupu la Telegram linafungua dirisha. Wakiuza kwa siku na wakapokea malipo ya simu bila mizunguko, nusu ya visingizio itakufa yenyewe.

Lakini kisingizio hicho hakimsaidii anayeiba kilichowekwa mezani apewe.

Bongo Movie imeshawahi kupita njia hii. Enzi za DVD, filamu zilikuwa zinauzwa hadi kwa wamachinga kwenye foleni. Kisha zikaja kopi za kuchoma, na baada yake vibanda vya kujaziwa filamu kwenye flashi kwa bei ya chipsi. Stempu za TRA zikabandikwa kwenye kava, haikusaidia kitu. Soko la DVD likafa, watengenezaji wakahamia kwenye tamthilia za TV na YouTube. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999 na COSOTA wapo, ila hakuna sheria inayoweza kukaa kwenye kila sebule ikikagua nembo kama imezibwa. YouTube nayo ikikaushwa kwa mtindo huohuo, haijulikani hawa watu watahamia wapi tena.

Na kichekesho ni kwamba walewale wa kwenye grupu ndio wa kwanza kulalamika. Sauti mbovu, taa hafifu, stori inaisha ghafla kama umeme umekatika. Sauti nzuri inakodiwa kwa hela. Taa zinakodiwa kwa hela. Mwandishi akilipwa vizuri ndiyo anapata muda wa kufikiria mwisho wa maana. Anayetaka ubora wa Korea huku akimnyima prodyuza hata tangazo la sabuni anataka mavuno ya shamba asilolipalilia.

Kuna na funzo dogo la kiufundi ambalo lingemfaa jamaa wa Tabata. Kurusha kupo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kunakili skrini nzima: kila kilichopo kwenye simu kinaonekana kwenye TV, meseji, simu inayopigwa na jina la aliyepiga, hata chaji ikibaki asilimia sita. Namna ya pili ni kukasti. App kama YouTube ina kialama kidogo cha TV chenye vimistari kwenye kona. Kikiguswa, simu inaiambia TV iifuate video yenyewe kwenye intaneti, na simu inabaki huru kama rimoti. TV inatakiwa iwe kwenye Wi-Fi moja na simu, hata kama ni hotspoti ya simu nyingine. Meseji zinabaki mkononi mwa mwenyewe.

Jamaa angefungua chaneli rasmi na kugusa kile kialama, makopa yasingefika mbele ya mama mkwe. Sio kwamba usaliti ungekuwa halali; ungegundulika siku nyingine, kwa njia nyingine. Lakini kwa kuwa alitaka faili la grupu, akaona njia rahisi ni kurusha simu nzima, na simu nzima ikarushwa kweli. Tamaa ya kukwepa tangazo moja imemgharimu uchumba.

Yaliyofuata hayana makeke. Chanzo kinasema wageni waliaga mapema, mchumba akabaki kuosha vyombo kimyakimya, binti akamsaidia kufuta. Ni pale jikoni ndipo binti alipotaja kwa mara ya kwanza kwamba ile ilikuwa kazi yake. Mchumba akamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba wenye nyumba walishakuwa na tatizo kubwa zaidi.

Wiki iliyofuata mama mkwe, ambaye hadhi hiyo haina tena uhakika, alikuwa nyumbani kwake na bado anataka kujua yule mhusika mkuu alifanyaje baada ya kulia. Binti akachukua simu yake, akafungua chaneli ya prodyuza, akagusa kile kialama kwenye kona. TV ikaanza na tangazo la sabuni. Mama akakunja uso, akasema lirushwe mbele, linamchelewesha.

"Liache lipite, mama mkubwa," binti akamwambia. "Ndiyo hela yangu ile ninayoidai."

Likaachwa likapita lote.