Karani Aliyeimba Nyimbo za Wachungaji

Msomaji aliyepata kusimama kisimani Wajir wakati wa kiangazi atakuwa amewasikia watu wawili wakiteka maji kwa zamu, mmoja akianzisha mstari na mwenzake akiujibu, huku ngamia wakinywa. Wimbo ule si wa kupoteza wakati. Huipa mikono ya watekaji mwendo mmoja, na ngamia, ambaye ameuzoea tangu akiwa ndama, akiusikia hutulia. Wachunga ng'ombe wa Marekani, wale wa kofia pana tunaowaona katika sinema, nao walikuwa na desturi iliyo karibu na hiyo: usiku waliwazunguka ng'ombe juu ya farasi wakiimba polepole, ili wasishtuke na kukimbia gizani.

Juma hili tutaeleza habari za mtu aliyepata mali nyingi kwa nyimbo za namna hiyo, naye ni Bwana Gene Autry.

Alizaliwa Tioga, katika Texas, tarehe 29 Septemba 1907. Wengi hudhani alikuwa mchungaji hasa. Kweli alikulia shambani, lakini kabla ya kujulikana alikuwa karani wa simu za maandishi katika steseni za reli za Oklahoma. Usiku kazi ikipungua alipiga gitaa lake. (Sisi makarani tulioonywa mara nyingi tusiimbe ofisini tuna haki ya kufurahi kidogo.) Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja Will Rogers, mchekeshaji mashuhuri, aliingia kupeleka simu, akamsikia akiimba, akamshauri ajaribu redio. Mwaka 1931 yeye na mwenzake wa reli, Jimmy Long, walitia katika santuri wimbo wa mtoto anayejuta kumhuzunisha baba yake mzee, nao ukanunuliwa mno. Mwaka 1935 akaonekana katika sinema ya Tumbling Tumbleweeds, na farasi wake Champion akawa na sifa karibu sawa na bwana wake. Mwaka 1942 aliacha fedha hizo zote akaingia jeshini, akaendesha ndege za mizigo. Baadaye alikuwa mwenye timu ya besiboli ya Los Angeles Angels, iliyoanza kucheza mwaka 1961. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1998, mwenye umri wa miaka 91.

Hapo mwanzo Autry aliiga uimbaji wa Jimmie Rodgers, naye pia mtu wa reli. Santuri za Rodgers zilifika hata Kenya, na mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya nyimbo za Afrika, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wakimfanya nusu mtu na nusu paa! Basi mgeni yule ambaye hawakumwona kamwe alitajwa jina katika wimbo wao.

Lakini mchungaji wetu wa kaskazini ni nani anayemtaja? Wasomali wana sheria isiyoandikwa juu ya mashairi makubwa kama gabay: anayelikariri sharti amtaje aliyelitunga, na kuliharibu au kulijitwalia ni aibu. Wimbo wa kunywesha ngamia hauna sharti hilo. Huimbwa na wote, nao huhesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi tu, kama ndoo na kamba. Kwa hiyo Autry alilipwa kwa santuri zake, na yule aliyetunga mstari unaotuliza ngamia mia hakupata senti wala jina.

Tena siku hizi pahali pengi maji huvutwa kwa mashine, na mashine haihitaji kuimbiwa. Msomaji wetu wa Garissa, Wajir au Mandera ambaye mzee wa kwao bado anakumbuka ni nani aliyeanzisha wimbo fulani, na akae naye jioni moja, auandike wimbo huo kwa lugha yake, na juu yake aandike jina la mtungaji na la kisima ulikoimbwa.