Mguu umekatika, akili iko

Kila tarehe 3 ya mwezi wa 12, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tunaona jambo lile lile. Wakubwa wanakuja, wanagawa mifuko ya unga na viti vya magurudumu, wanapigwa picha, wanarudia. Kesho yake, kijana aliyepokea unga iko tena kwenye mlango wa soko, ananyoosha mkono. Hatukatai unga, njaa haingoji. Lakini unga haufundishi mtu kazi.

Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunawajua wababa walioacha mguu, vidole ao macho ndani ya mgodi. Jana alikuwa nguzo ya nyumba. Leo watu wanamwita kilema, na watoto wanafukuzwa masomo juu ya minerval. Lakini kilichokatika ni mguu. Akili iko, na ujuzi wa miaka mingi uko.

Kiziwi anaweza kuchomea vyuma vizuri kabisa. Aliye kwenye kiti anaweza kupima camions kwenye mizani, kulinda depo, kuandika kwenye kompyuta, kutengeneza telefone. Kinachokosekana ni mafundisho.

Sheria iko: ile ya tarehe 3 mwezi wa 5, 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Franga nazo ziko. Kompani zinalipia INPP, ambayo iko inafundisha watu kazi tangu 1964. Tena Code ya migodi, tangu ilipobadilishwa 2018, inalazimisha kompani zinazochimba kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji.

Basi, wajumbe wa wafanyakazi: mgodi ukiumiza mtu, musiishie kwenye franga za kumwachisha. Dai afundishwe kazi ingine. Viongozi wa wenyeji: mukikaa na kompani kuandika cahier des charges, muombe nafasi za mafundisho kwa walemavu, atelier zenye njia ya kupitisha kiti, na mtu anayejua lugha ya ishara. Nanyi wazazi, musifiche mtoto. Aliyefichwa ndani ya chumba, sheria itamkuta wapi?

Mwezi wa 12 ukifika, tutauliza ni vijana wangapi wamemaliza mafundisho, na wangapi wamepata kazi. Mifuko ya unga hatutaihesabu.