Friji Imezima Nyeri? Usikimbilie Mpya Kabla ya Kupiga Hii Hesabu

Wasee wa Nyeri, Karatina, Othaya hadi Nanyuki, hii stori ni yenu. Stima imepotea usiku, imerudi asubuhi na nguvu zote, na sasa friji ya mathe imenyamaza. Taa ya ndani inawaka, lakini ule mngurumo mliouzoea haupo. Kijana wa Nairobi anapiga simu: "Mathe, hiyo tupa, nitakutumia ingine." Fundi wa mtaa naye anasema, "Mathe, hii ni gesi tu imeisha, leta doo nijaze."

Unaamini nani? Tulia kwanza. Wote wawili wanaweza kuwa wanakosea, na bill ya makosa yao inakuja kwa mtu mmoja tu: mwenye jikoni.

Gesi haiishi kama mafuta ya nduthi

Gesi ya friji inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haitumiki ikaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwa hivyo fundi akijaza bila kutafuta tundu, umelipia hewa. Wiki chache baadaye atarudi, na utalipa tena.

Angalia kibandiko cha nyuma. Kimeandikwa aina ya gesi. Friji nyingi za siku hizi zinatumia R600a, na hiyo inashika moto. Fundi akitaka kuweka gesi ingine yoyote, ama awashe moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa yote nje, mwambie asante na umfungulie mlango.

Na kama taa inawaka lakini hakuna mngurumo, mwambie aanze na vitu vidogo: themostati, na kile kidude cha kuwashia kompresa ambacho mafundi wanaita rilei. Hicho ni cha bei ya chini sana ukilinganisha na kompresa yenyewe.

Baridi ya Julai nayo ina maneno yake

Hii wengi hawaijui. Kwa kile kibandiko kuna herufi ingine: SN, N, ST ama T. Hiyo ni hali ya hewa ambayo friji ilitengenezewa. T ni ya sehemu zenye joto, kuanzia nyuzi 16 hadi 43. SN inavumilia kuanzia nyuzi 10 hadi 32.

Sasa fikiria jikoni ya Nyeri usiku wa Julai, ile baridi ya kuvaa jaketi mbili. Friji ya T inaona huku nje tayari ni kama ndani, kwa hivyo inakaa kimya. Nyama ya friza inaanza kuyeyuka, mathe anasema friji imekufa. Haijakufa. Ilitengenezewa mahali pengine. Ihamishe iende mahali pa nyumba penye joto kidogo, halafu ungoje siku moja kabla ya kuita mtu.

Hesabu ya tokeni

Hapa ndipo kijana wa Nairobi anaweza kuwa na point. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani iko kwa makundi: wale wa hadi unit 30 kwa mwezi, wale wa hadi 100, na wale wanaopita hapo. Wa kwanza ndio wanalipa bei ya chini zaidi kwa kila unit.

Tuseme friji kuukuu ya cucu inakula unit 2 kwa siku. Hiyo ni 60 kwa mwezi, friji peke yake. Imeshamtoa cucu kwa kundi la bei nafuu, na sasa hata balbu ya choo analipia bei ya juu. Friji ndogo mpya inayokula nusu unit kwa siku ingemwacha na 15 tu.

Usikisie. Zima kila kitu kingine, soma mita asubuhi, soma tena jioni. Halafu chukua noti ya soo, ifungie kwa mlango wa friji, uivute. Ikitoka bila shida, raba ya mlango imechoka na baridi inatoka nje usiku kucha. Badilisha raba kwanza, upime tena. Ikiwa bado inakula vibaya, hapo sasa anza kuwaza mpya, na uangalie ile lebo ya nyota ya EPRA. Nyota nyingi, tokeni kidogo.

Adui mkubwa ni stima ikirudi

Kumbuka Agosti 25, 2023, nchi nzima ikilala giza. Stima ikirudi inaweza kuja kwa kishindo, na kompresa ikijaribu kuwaka hapo hapo inaumia. Fridge guard inangoja dakika chache hadi stima itulie. Ni kidude cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa. Kama hauna, chomoa friji stima ikipotea.

Na ujue haki yako: Sheria ya Kawi ya 2019 inazungumzia fidia kwa mteja aliyeharibikiwa na vifaa kwa sababu ya hitilafu ya umeme. Kwa hivyo andika tarehe na saa, piga picha, ripoti upewe namba, na umwambie fundi aandike kwa karatasi ni nini kilichoungua. Bila hizo, utaongea tu.

Shida yenyewe ni spea

Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na maji yanachemka kwa nyuzi kama 94. Ndio maana githeri huku inachukua muda wake, na presha kuka ni kitu ya maana. Lakini raba yake ikikatika, mathe anaweza kuzunguka Karatina yote asipate saizi. Sufuria nzima, nzito, inageuka ya kuwekea kuku maji. Blenda ni hivyo hivyo: mota iko fiti, kile kiraba cha chini kimeisha, na hakuna anayekiuza peke yake.

Serikali ilishaonyesha inaweza. Zamani kila kampuni ya gesi ya kupikia ilikuwa na vali yake. Kanuni za 2009 zikasema vali iwe ya aina moja, na mteja akaacha kufungwa kamba na kampuni moja. Mbona isiwe hivyo kwa raba na rilei?

Saa hii tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zake za 2024, zinazosema anayetengeneza ama kuingiza bidhaa nchini abebe mzigo wa taka zake. Poa. Lakini hiyo ni matanga ya friji. Mathe anataka hospitali. Uingereza, tangu Julai 2021, kampuni zinatakiwa ziweke spea za friji mpya kwa miaka 7 hadi 10. Na bado friji za ex-UK zinakuja kuuzwa huku, spea zikibaki kwao.

Kwa hivyo bonasi ya majani chai ikiingia na uko dukani, usianze na bei. Uliza: spea yake iko town gani? Fundi wa huku anaijua? Waranti inaheshimiwa Nyeri, ama ni hadi uibebe Nairobi na matatu? Muuzaji akianza kutafuna maneno, enda duka la pili.

Kwenu ni gani inawasumbua: friji, blenda ama presha kuka? Na fundi alisema ni gesi?