Vipimo vyote viwekwe mezani

Waya wenyewe hauonekani kwa macho. Unywele ni mnene kuuzidi mara elfu moja hivi. Umeundwa kwa indiamu na antimoni, mchanganyiko ambao ni semikondakta, kisha ubavuni ukavishwa ganda la alumini. Alumini hiyo ikipozwa hadi karibu nyuzi 272 chini ya sifuri hugeuka supakondakta: umeme hupita humo bila ukinzani wowote.

Utamu wote uko mpakani, tabaka hizo mbili zinapokutana. Ndani ya supakondakta elektroni hutembea mbilimbili, kwa hiyo inayofika peke yake haipokelewi. Huingia tu kwa kumvuta mwenzake, na pengo aliloliacha mwenzake hurudi nyuma kule ilikotoka ile ya kwanza. Alexander Andreev, mwanafizikia wa Urusi ya Kisovieti, alilieleza jambo hilo mwaka 1964. Kila mvuko mmoja hubeba chaji mbili.

Mwaka 2018 watafiti wa Delft, Uholanzi, wakiongozwa na Leo Kouwenhoven, ambaye wakati huo alikuwa pia mwajiriwa wa Microsoft, walitangaza katika jarida la Nature kwamba upitishaji umeme katika waya huo ulipanda hadi kama mikrosiemensi 77.5, ukatulia hapo. Ni kimo kilekile kilichotabiriwa na nadharia iwapo ncha za waya zina chembe ya Majorana, iliyopewa jina la Mwitaliano aliyeiwaza mwaka 1937: chembe hiyo ikiwepo, kila elektroni inayofika mpakani huvuka kwa namna ya Andreev bila kukosa. Waliokuwa wakiota kompyuta ya kwanta walishangilia, na walikuwa na sababu: chembe hizo zilitarajiwa kulinda taarifa za kwanta dhidi ya makosa.

Wanafizikia Sergey Frolov na Vincent Mourik hawakuridhika. Waliomba namba ghafi, si michoro. Walipozipata, waliona kwamba baadhi ya vipimo havikuwekwa kwenye makala. Mchoro ulipochorwa upya kwa vipimo vyote, nukta kadhaa ziliangukia nje ya mipaka ya makosa, na dai la kimo kamili likakosa pa kusimama. Machi 2021 waandishi wenyewe waliiondoa makala hiyo na kuomba radhi.

Wataalamu huru walioitwa kuchunguza hawakuona dalili ya kughushi kwa makusudi. Waliona watu waliosombwa na msisimko wa ugunduzi. Hapo ndipo hoja ilipo. Kama tatizo lingekuwa ulaghai, adhabu ingetosha. Lakini msisimko humpata kila mtafiti anayeipenda kazi yake, na hauzuiliwi kwa adhabu. Unahitaji macho mengine.

Frolov na Mourik walijua cha kuuliza kwa sababu wote wawili waliwahi kupima waya za aina hiyo Delft pamoja na Kouwenhoven. Msomaji ambaye hajawahi kuingia katika maabara ile naye anastahili namba zote siku ileile makala inapotoka, zikiwemo za waya ambazo hazikuonyesha kitu.